Kunawa Mbele ya Watu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Naandika chumba cha mapumziko, chai inapoa, moyo unadunda.

Makabidhiano ya asubuhi. Matroni kasimama mbele yetu, mikono nyuma, miwani kwenye ncha ya pua. Katangaza kwamba msimamizi wa kuzuia maambukizi wa idara yetu ya dharura anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi itakwenda kwa mmoja wetu wauguzi, na atakayechaguliwa atarithi kile chumba kidogo kando ya stoo ya mashuka.

Chumba kile! Nakijua vizuri. Kina mlango. Kina birika. Kina kiti kinachozunguka. Miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye idara hii kama mlingoti, mpaka vidole vya miguu vimeanza kufanana na tangawizi. Kiti kile kimetengenezwa kwa kipimo changu.

Matroni kaendelea. Kwa wiki mbili kutakuwa na mtu wa kutuangalia kwa siri, akiandika nani ananawa mikono na nani anajifanya. Hatutaambiwa ni nani. Kisha akatukumbusha nyakati tano za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na ya tano. Ya tano imenitoka. Si kitu. Nne kati ya tano ni alama nzuri tu.

Nimewapitia wapinzani wangu mmoja mmoja. Mpole, mwenzangu wa chumba namba mbili, hahesabiki. Mtu huyo husema maneno sita kwa zamu nzima, na mawili kati ya hayo ni salamu. Anayenitia tumbo joto ni mmoja tu: Kamusi, dada wa chumba namba moja. Tunamwita Kamusi kwa sababu mwongozo wote wa kuzuia maambukizi anao kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi anatembea na kijitabu cha bluu, anaandika andika. Anajisomea, kiherehere yule. Anataka kiti changu.

Nyumbani nako ni mtihani. Mama mkwe yupo kwetu wiki ya tatu sasa, kaja kumsaidia mke wangu na mtoto. Mkunga mstaafu, miaka thelathini na minne kazini. Kaweka beseni, jagi la maji na sabuni mlangoni. Siruhusiwi kumshika binti yangu mwenyewe, Kibonge wa miezi mitano, mpaka nisugue hadi viwiko. Leo nimemwambia kwa heshima zote kwamba mimi, Mama, ni mtaalamu. Kajibu kwamba kucha za wataalamu ameziona nyingi.


Jumanne, 4 Machi

Nimemgundua mtu wa siri! Haikunichukua hata nusu saa.

Bwana wa makamo, koti la kijivu, kakaa benchi la pili pale mapokezi. Haumwi. Hana mgonjwa pembeni. Ana karatasi na kalamu. Ananitazama, anaandika. Anatazama juu, anafikiri, anaandika tena. Nani mwingine?

Kuanzia hapo nimefanya kazi mbele ya macho yake tu. Nimenawa mara kumi na tisa. Kwenye sinki la mapokezi, mikono juu, viwiko nje, povu la kutosha kuogesha ng'ombe. Nimenawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Nimenawa baada ya kumwazima mtu kalamu. Mara moja nimenawa kwa sababu tu alikuwa amegeuza kichwa upande wangu.

Kamusi kanifuata. Kaniambia taratibu, kaka, yule fundi seremala aliyekanyaga msumari anakusubiri tangu saa tatu. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika benchi la pili kwamba usafi kwanza, dada yangu, usafi kwanza! Kanitazama kidogo. Kafungua kijitabu chake, kaandika.

Wivu huo.


Jumatano, 5 Machi

Nimeumbuka. Tena mchana kweupe.

Bwana wa koti la kijivu kaniita pembeni. Nikaenda nikitabasamu, nimejiandaa kupokea sifa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa upole mwingi, kama ugonjwa wangu ni wa kuambukiza. Maana tangu jana ananiona nanawa bila kupumzika, na yeye kamleta kaka yake kupigwa picha ya mguu. Kama naumwa, aliomba, kaka yake ahudumiwe na mwingine.

Karatasi yake nikaiona. Fumbo la maneno. Alikuwa amekwama kwenye neno la herufi saba.

Mikono yangu imepasuka kama udongo wa kiangazi. Kila nikikunja ngumi nasikia inalia.

Lakini mtu mwenye akili haanguki akalala. Wakati wa chai nimemsikia Matroni akimwambia mtunza stoo kwamba kila Ijumaa atapima chupa za kitakasa mikono zilizotundikwa ukutani, chumba kwa chumba. Chumba kilichotumia kingi ndicho kinachojali. Nikaenda kuchungulia. Chumba namba moja, cha Kamusi, chupa zinakaribia kukauka. Chumba namba mbili, changu, zimejaa mpaka shingoni.

Mpole kanikuta nimesimama nazitazama. Kasema yeye hupenda sabuni na maji. Maneno matano! Nikamwambia hiyo ni shida yake.

Wazo limekuja. Sitaliandika hapa, lisije likasomwa.


Alhamisi, 6 Machi

Naliandika, maana ni zuri mno.

Nimemwaga kitakasa mikono sinkini. Chupa sita. Sikuzimwaga kwa pupa. Moja saa mbili, moja saa nne na robo, na kuendelea, nikifungua bomba kidogo ili ionekane nanawa. Harufu ilipanda mpaka machozi yakanitoka, na mgonjwa wa kitanda cha pembeni, mama mmoja aliyevunjika mkono, akanipa pole akidhani nimefiwa. Nikaipokea. Ningesema nini?

Kila chupa ilipokwisha nilikwenda stoo kuomba nyingine. Mtunza stoo akashangaa. Akaniuliza tunakunywa? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na sehemu ya pili ya mpango, hii ndiyo yenye ufundi. Nimechukua chupa mbili kubwa za mwisho, zimejaa pomoni, nikazipeleka chumba namba moja na kuzitundika kwa mkono wangu. Kesho Matroni atakapopima atazikuta nzito. Ataona chumba cha Kamusi hakinawi! Na mimi nitaonekana mwenye moyo wa kugawa.

Kamusi kanikuta juu ya kigoda. Kaniambia asante, kaka, umetukumbuka. Alisema hivyo huku akinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu kijitabu.

Jioni nilikuta sabuni mpya za maji zimewekwa kwenye kila sinki la idara. Chupa kubwa. Sijui nani kaziweka. Sabuni, zama hizi!


Ijumaa, 7 Machi

USHINDI!

Matroni kapima. Chumba namba mbili tunaongoza kwa mbali. Chumba namba moja wa mwisho. Matroni kakunja uso, kapima tena chupa za Kamusi, zile nilizomtundikia mimi. Nzito kama mawe. Nikaweka sura ya huzuni ya kindugu.

Dosari ndogo: mtunza stoo kasema kitakasa kimekwisha jengo zima isipokuwa hicho cha chumba namba moja, na kingine hakiji mpaka Jumanne ijayo. Matroni kauliza kimeishia wapi. Nikajibu haraka: mikononi, Matroni. Mpole alikohoa.

Nikaenda nyumbani natembea kama bwana harusi. Nikamsimulia mke wangu, bila kutaja sinki. Akafurahi. Mama mkwe akaniomba mikono. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaivuta karibu na dirisha penye mwanga.

“Mikono ya mtu anayenawa mbele ya watu hii,” akasema. “Viganja vimechubuka. Vidole gumba havijaguswa.”

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kibonge naye akacheka, na yeye hajui hata gumba ni nini.


Jumamosi, 8 Machi

Mapumziko. Nimepanga kulipindua beseni la mama mkwe. Si kulimwaga, kulizunguka.

Saa nne asubuhi nikatoka kununua mkate. Nikarudi kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele sebuleni, mgongo kwangu. Kibonge kalala mkekani, macho wazi, ananitazama kwa hamu. Nikanyata. Nikamwinua. Ushindi wa baba!

Kibonge akanitapikia maziwa shingoni, akafurahi, akapiga ukelele ambao ungeweza kuita zimamoto.

Mama mkwe hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kuchambua mchele na kusema tu kwamba beseni liko palepale, baba.


Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, nimevaa kanga ya mke wangu. Nitaeleza.

Saa tatu asubuhi, mlango wa dharura umefunguka na kwaya ikaingia. Kwaya nzima! Watu kumi na wawili, majoho ya kijani, wameshikana mikono na matumbo. Jana walikuwa na mazoezi, wakala chakula kimoja, na tangu alfajiri wanatapika na kuharisha. Mwimba besi, jitu la futi sita, alikuwa analia kwa sauti nyembamba kabisa.

Daktari wa zamu akawagawa. Sita chumba namba moja, sita kwetu. Kamusi akapangwa mlangoni kupokea wanaokuja. Alipopita akatuambia vyumba vyote viwili kwamba kwa ugonjwa wa tumbo wa namba hii kitakasa hakitoshi, tutumie sabuni na maji. Chumba namba moja nadhani hawakumsikia, kelele zilikuwa nyingi. Sisi tulimsikia, na hata tusingemsikia ingekuwa yaleyale. Ukuta wetu ulikuwa mtupu. Kitakasa nilikuwa nimekimwaga chote sinkini.

Kama kuna mtu angeuliza kwa nini hatuna kitakasa, ningekwisha. Nikapiga moyo konde, nikajitia ukali: sabuni na maji tu humu ndani, sitaki kuona mtu anatafuta kitu kingine! Wenzangu wakashtuka, wakatii. Tukawa tunapanga foleni kwenye sinki letu moja, kila baada ya mgonjwa. Zile sabuni mpya zilikuwepo. Bahati yangu hiyo.

Halafu nikamwona bibi.

Kitanda cha mwisho. Bibi wa sauti ya kwanza, miaka sabini na zaidi, mwembamba kama fimbo ya mwalimu. Hakuwa analalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Macho yamezama. Ulimi umekauka. Nikambana ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Mapigo yake nikayatafuta kwa kidole, nikayapata, nikayapoteza, nikayapata tena.

Mishipa ilikuwa imejificha. Nikanawa, nikavaa glavu, nikajaribu mkono wa kushoto. Hapana. Nikajaribu wa kulia. Hapana. Daktari alikuwa na mwimba besi aliyeanguka. Mpole akanishikia taa bila kuulizwa. Nikanawa tena, glavu mpya, nikasema na ule mshipa kimoyomoyo kama unavyombembeleza mtoto atoke chini ya kitanda. Ukatoka! Dripu ikaanza kukimbia.

Bibi akafumbua macho, akaniuliza kama wenzake wanaendelea vizuri. Nikamwambia wapo wote, Bibi, wewe ndiye tunayekusubiri. Akaniambia mwimba besi ana sauti kubwa na roho ya kifaranga, nisimwache peke yake.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilipima presha, nikabadilisha shuka, nikashika reli ya kitanda, nikaenda sinkini, nikarudi. Ndipo nikashtuka. Nimenawa kwa sababu nimegusa reli ya kitanda! Baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka mgonjwa! Ndiyo ya tano! Ilikuja yenyewe, wala sikuwa na habari kama kuna mtu ananiangalia.

Presha yake ikapanda. Rangi ikarudi midomoni. Binti yake kaletwa mlangoni amtazame, akaziba uso kwa kitambaa.

Ningekufa saa ile ningekufa mtu mwema. Lakini simu ikalia. Mke wangu, anauliza kama nimekula. Nilikuwa bado na glavu nilizomsafishia mwimba besi. Nikaitoa simu mfukoni na glavu zile zile, nikaibana shavuni, nikaeleza ushujaa wangu wote. Kisha nikavua glavu, nikanawa vizuri sana, nikaishika simu tena niangalie saa, na kwa mkono ule ule nikala njugu za Mpole.

Nimeyakumbuka haya baadaye. Wakati ule nilikuwa nafikiria njugu tu.

Nyumbani mama mkwe kanisimamisha hatua tano kabla ya mlango. Kauliza leo kumekuja nini. Nikamwambia kwaya. Hakutaka kusikia zaidi. Nguo zote kwenye ndoo ya maji moto, hapohapo uani. Kuoga bafu la nje. Simu kaichukua kwa kitambaa, kaifuta mbele na nyuma. Kanipa kanga. Na mtoto, kasema, leo humshiki, kesho humshiki, mpaka niseme mimi.

Nikamwambia hii ni nyumba yangu. Akasema ndiyo, baba, na uani pia ni pako.


Jumanne, 11 Machi

Tumbo.


Jumatano, 12 Machi

Nimelazwa chumba cha nyuma, kati ya cherehani na magunia. Kuanzia jana saa nane mchana nimekuwa bomba lililopasuka pande zote mbili. Nina ndoo yangu, kikombe changu, kijiko changu. Choo cha uani ni changu peke yangu, na mama mkwe anakimwagia dawa ya klorini kila nitokapo, utadhani anamfukuza shetani.

Simu ya kazini: wauguzi wanne wa chumba namba moja wako taabani. Mmoja, mama wa mapacha, kalazwa na dripu. Walitumia kitakasa kwa sababu kilikuwepo, kimejaa, kiko karibu, na sinki lilikuwa mbali. Kilikuwepo kwa sababu nilikitundika mimi.

Nimegeukia ukutani.

Upande wa pili wa ukuta Kibonge anapiga kelele za furaha, anagonga sufuria. Nasikia kila kitu. Nikafikiria Jumatatu. Kama mama mkwe asingesimama mlangoni ningempokea mwanangu na simu ile, na mashavu yale. Miezi mitano. Angekauka kwa siku moja. Bibi mzima nilimtafutia mshipa mara tatu. Mshipa wa Kibonge ningeutafuta kwa macho gani?

Mama mkwe kaingia na maji ya chumvi na sukari. Kaninywesha kijiko kwa kijiko. Nikamwambia Mama, unisamehe. Akakoroga maji ya kikombe. Kisha akanisimulia, macho kwenye kikombe. Mwaka wake wa pili kazini alipokea mtoto wa kiume, mzuri, mzito. Alikuwa ametoka kumhudumia mama mwingine aliyekuwa na homa, na kulikuwa na haraka. Alisuuza mikono. Hakunawa, alisuuza tu. Yule mtoto aliishi siku tatu.

“Hakuna aliyejua,” akasema. “Hakuna aliyenilaumu. Nilijua mimi.”

Beseni aliliweka mlangoni kwake mwaka huo, na kila alipohamia alihama nalo.

Nimelia. Si kwa ajili ya tumbo. Nimeapa mbele ya magunia kwamba kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.


Ijumaa, 14 Machi

Kutapika kumekwisha tangu jana mchana. Nikavaa, nikatafuta viatu nirudi kazini. Mama mkwe kavificha. Kasema siku mbili kamili baada ya dalili ya mwisho, na hesabu anaifanya yeye.

Matroni kapiga simu. Kasema jambo la ajabu limetokea. Chumba namba moja wameugua wanne. Chumba namba mbili hakuna, isipokuwa mimi. Akaniuliza ni kweli nilikataza kitakasa na kuwalazimisha watu sabuni na maji?

Nilikuwa nimelala chali. Nilikuwa nimeapa. Nilifungua kinywa niseme kweli yote.

Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ndiyo, Matroni, nilipoiona kwaya ile nilijua papo hapo, uzoefu, ni miaka mingi.

Matroni akasema vizuri sana, tutazungumza Jumatatu mbele ya wote. Mbele ya wote! Nimeanza kufikiria kiti nikiweke kikitazama dirisha au mlango.


Jumatatu, 17 Machi

Ardhi ingepasuka ningeshukuru.

Tumekusanyika chumba cha makabidhiano. Wale wanne wa chumba namba moja wamerudi, wamekonda, mama wa mapacha amekalishwa mbele. Nimevaa sare iliyopigwa pasi mara mbili. Nilikuwa na hotuba fupi mfukoni.

Matroni kasema sasa tumsikie aliyetuangalia. Nikageuka nimwone. Kamusi akasimama. Akafungua kijitabu cha bluu.

Kamusi! Hakuwa akigombea kitu! Hakukitaka kiti hata siku moja. Alikuwa ameombwa na Matroni atuangalie, na mwezi ujao anakwenda masomoni. Wiki mbili nzima nimepigana na kalamu.

Akasoma. Hakupandisha sauti, hakutia chumvi, na hilo ndilo lililoniua. Jumanne: muuguzi amenawa mara kumi na tisa mbele ya mfumbuaji wa mafumbo, mgonjwa mwenye msumari amesubiri saa moja na nusu. Alhamisi, saa nne na robo: muuguzi amemwaga kitakasa sinkini. Saa sita: tena. Mchana: amehamishia chupa mbili za mwisho chumba namba moja, sababu haijulikani. Kamusi alipokwenda stoo akaambiwa hakuna kilichobaki, ndipo yeye mwenyewe akaomba sabuni na kuziweka kwenye kila sinki.

Watu wote wakanigeukia. Mama wa mapacha akanitazama muda mrefu. Nilitamani anitukane.

Nikadhani amemaliza. Akafunua ukurasa mwingine. Jumatatu ya kwaya, akasoma, kitanda cha mwisho, alichokiona kutoka mlangoni. Dakika arobaini na mbili. Nyakati zote tano. Hakukosa hata mmoja.

“Hii nayo niliiona,” akasema. Akafunga kijitabu.

Hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Matusi ningeyavumilia.

Nafasi kapewa Mpole. Wiki mbili, kumbe, hajakosa mahali. Kasimama, kasema asanteni. Neno moja! Mimi nimeandika barua ya radhi kwa wale wanne, nimempelekea kila mmoja mkononi. Mama wa mapacha kaisoma, kaikunja, kaniambia siku nyingine nikitaka kumsaidia, nisimsaidie. Na Matroni kanipa adhabu: miezi mitatu nitasimama kwenye sinki la mapokezi nikiwafundisha waajiriwa wapya kunawa.

Nimerudi nyumbani, nimenawa mlangoni hadi viwiko, vidole gumba vyote viwili. Mama mkwe kanikagua, kanipa mtoto. Nimemshika Kibonge jioni yote. Nimemwambia mke wangu kwamba hila zimekwisha, nimejifunza, safari hii kweli.


Jumanne, 18 Machi

Siku ya kwanza ya kufundisha. Waajiriwa wapya ishirini. Wana adabu, wananiita mwalimu.

Matroni kapita. Kaeleza kwamba mwisho wa mwezi atawapima. Kila mmoja atapakwa unga fulani mikononi, atanawa, kisha atamulikwa kwa taa ya zambarau. Unga uliobaki utang'aa. Watagawanywa makundi mawili: kumi wangu, kumi wa Mpole. Kundi langu liking'aa kidogo kuliko la Mpole, nitapunguziwa adhabu. Kanitazama kwa ukali, kasema safari hii hakuna njia ya mkato.

Nimekubaliana naye kabisa. Hakuna.

Ila nimefikiri jambo, la kitaalamu tu. Mkono mkubwa una ngozi nyingi. Ngozi nyingi ina unga mwingi. Kwa haki kabisa, mtu mwenye mikono midogo hawezi kung'aa sana hata akinawa ovyo. Na makundi bado hayajaandikwa majina. Mpole kaniambia nichague kwanza, yeye atachukua watakaobaki.

Kuna binti mmoja mfupi pale nyuma, mikono yake ni ya mwanasesere. Huyo wangu. Kuna kaka mrefu, viganja kama sinia. Huyo nitamwachia Mpole, kwa moyo mweupe.

Kesho nakwenda na rula.